Mtoto wa miaka 5 hashiki herufi: tusubiri akomae?

SWALI

"Binti yetu Neema anakaribia kutimiza miaka 5. Anaongea vizuri, anapenda hadithi na maswali hayamwishi. Lakini yuko chekechea mwezi wa nane sasa na herufi anazozijua kwa uhakika ni tatu tu: a, n na e. Ukimfundisha nyingine leo, kesho imeshapotea. Akiandika, b inageuka d. Baba yake alihangaika sana na kusoma tangu darasa la kwanza, na mpaka leo hapendi kusoma mbele za watu. Mwalimu anasema tusiwe na haraka, kila mtoto hukomaa kwa wakati wake. Je, tusubiri? Na kama si kusubiri, tufanye nini nyumbani bila kumchosha?" – Mama Neema

JIBU

Mama Neema, msisubiri. Sisemi kwamba Neema ana disleksia, yaani ile shida ya kudumu ya kusoma na kuandika maneno. Kwa umri wake hakuna anayeweza kutamka hivyo kwa uhakika, na kwa bahati nzuri si lazima jambo hilo lijulikane ndipo kazi ianze. Nasema msisubiri kwa sababu umetaja mambo mawili ambayo watafiti huyakuta tena na tena kwa watoto wanaokuja kupata shida ya kusoma: mzazi aliyepitia shida hiyo hiyo, na herufi zisizoshika hata baada ya kufundishwa kwa muda. Kazi inayohitajika ni dakika 15 kwa siku, na haimdhuru mtoto asiye na tatizo lolote. Ikija kuonekana kwamba angekomaa mwenyewe, hakuna kilichoharibika. Mkisubiri naye asikomae, mtakuwa mmepoteza miaka ambayo kuifidia ni kazi kubwa.

Mwalimu hakusema uongo. Watoto kweli hutofautiana katika kutembea, kuota meno, hata kuanza kuongea. Kusoma hakuko hivyo. Mtoto huanza kuongea kwa kuzungukwa na watu wanaoongea, lakini hasomi kwa kuzungukwa na maandishi. Lazima mtu amfundishe, na asiyeshika mafunzo ya mwanzo hubaki nyuma huku wenzake wakisonga. Mwaka 1988 Connie Juel alichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 54 huko Marekani kutoka darasa la kwanza hadi la nne. Uwezekano wa aliyekuwa msomaji dhaifu mwishoni mwa darasa la kwanza kubaki dhaifu mwishoni mwa darasa la nne ulikuwa 0.88, yaani karibu 9 kwa kila 10. Sababu yake haifichiki: anayesoma kwa tabu husoma kidogo, na anayesoma kidogo hapati kasi wala maneno mapya, kwa hiyo pengo linazidi kupanuka lenyewe. Mwaka 1998 kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, chini ya uenyekiti wa Catherine Snow, ilipitia utafiti wa miaka mingi ikafikia hitimisho kwamba sehemu kubwa ya matatizo ya kusoma waliyo nayo vijana na watu wazima yangeweza kuepukwa au kutatuliwa utotoni. Na mwaka 2017 Maureen Lovett na wenzake walionyesha kwamba msaada ule ule, ukitolewa darasa la kwanza au la pili, huleta maendeleo yanayokaribia mara mbili ya yale yanayopatikana ukicheleweshwa hadi darasa la tatu.

Kuhusu baba yake: disleksia hurithika kwa kiasi kikubwa. Kati ya watoto wenye mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye shida hiyo, kati ya theluthi na nusu huipata pia. Maana yake ni kwamba nusu au zaidi hawaipati, lakini kiwango cha wanaoipata kinazidi sana cha watoto wengine. Huko Jyväskylä, Finland, watafiti waliwafuatilia watoto karibu 200 tangu kuzaliwa, nusu yao wakitoka katika familia zenye historia hiyo, wakaona kwamba idadi ya herufi anazozijua mtoto kabla ya kuanza shule ni miongoni mwa dalili zinazotabiri vizuri zaidi jinsi atakavyosoma baadaye. Ndiyo maana herufi zile tatu za Neema zinanigusa kuliko hilo suala la b na d.

Suala la b na d liweke pembeni kwanza. Ubongo wa binadamu umezoea kuona kwamba kitu hakibadiliki kwa kugeuzwa: kikombe chenye mkono upande wa kulia na chenye mkono upande wa kushoto ni kikombe kile kile. Herufi ndizo zinazovunja kanuni hiyo, na kila mtoto anayejifunza kusoma lazima auzoeshe ubongo wake jambo hili jipya. Karibu watoto wote hugeuza herufi mpaka kufikia miaka 6 au 7. Kugeuza si dalili ya disleksia, na disleksia si ugonjwa wa macho. Mwaka 2009 vyama vya madaktari wa watoto na wa macho nchini Marekani vilitoa tamko la pamoja kwamba miwani ya rangi, vioo vya rangi na mazoezi ya macho havina ushahidi wa kutibu matatizo ya kusoma. Mtu akikuuzia, usinunue.

Shida hasa huwa kwenye sauti. Maandishi yetu yanadai kwamba mtoto ajue neno "simu" limejengwa kwa vipande vinne, s-i-m-u, ilhali sikio lake halijawahi kuvisikia vikiwa peke yake. Anasikia neno zima, na akisaidiwa kidogo anasikia silabi mbili. Isabelle Liberman na wenzake walilipima jambo hili mwaka 1974: kati ya watoto wa miaka 4, karibu nusu waliweza kugongagonga kufuata silabi, lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kufuata sauti moja moja. Mwishoni mwa darasa la kwanza 70 kwa kila 100 waliliweza hilo la pili. Mtoto mwenye hatari ya disleksia ndiye anayekwama hapo hapo, kati ya silabi na sauti. Na asiyesikia kwamba "mama" na "meza" huanza na kitu kimoja, herufi m kwake ni mchoro usio na kazi. Ndiyo maana kesho yake imepotea: haikuwa na pa kushika.

Hapa Kiswahili kina neema yake na mtego wake. Neema ni kwamba silabi zetu nyingi ni konsonanti na irabu tu, irabu ni tano, na karibu kila herufi hutamkwa vile vile popote ilipo. Mtego ni kwamba mtoto anaweza kuimba "ba be bi bo bu" tangu mwanzo hadi mwisho wa chati bila kujua b ni nini. Ameshika wimbo. Kumpima ni rahisi: andika silabi hizo kwenye vikaratasi vitano, uvichanganye, umwonyeshe "bu" peke yake. Akianza kunong'ona "ba, be, bi..." mpaka aifikie, au akikutazama usoni, bado hasomi. Chati za silabi si mbaya, ila zinafaa baada ya mtoto kuelewa kwamba b haibadiliki na irabu ndiyo inayobadilika. Kabla ya hapo zinampa mzazi na mwalimu faraja isiyo na msingi.

Kabla ya yote, pima masikio. Watoto wa umri huu mara nyingi hupata maji nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua, wakasikia mazungumzo lakini wasitofautishe sauti zinazokaribiana kama p na b, au f na s. Mtoto wa namna hii huonekana mzembe tu. Macho nayo yapimwe siku hiyo hiyo, ili hayo mawili yasibaki yakitiliwa shaka.

Kisha tumia dakika 10 za asubuhi, akiwa hajachoka, kujua amefikia wapi. Usiuite mtihani. Chukua daftari, andika tarehe.

Anza na silabi. Taja neno, naye apige kofi kwa kila silabi: meza, kofia, kitabu, karatasi, mtoto. Angalia hilo la mwisho: m-to-to ni makofi matatu, kwa sababu m hiyo ni silabi kamili, tofauti na "mbuzi" ambayo ni mbu-zi. Akikosea "mtoto" peke yake usihesabu. Akishindwa "meza" na "kofia", basi kazi inaanzia hapo.

Halafu sauti ya kwanza. Sema neno ukiivuta ile sauti: "sssimu inaanzaje?" Wengi watakujibu "si". Hilo si kosa, ni jibu la mtu anayesikia silabi, na linakuonyesha hatua inayofuata ni ipi. Baada ya hapo geuza: wewe toa vipande, yeye aviunganishe. "Nitasema neno polepole kama kobe: mmm, aaa, mmm, aaa. Ni neno gani?" Mpe matano ya aina hiyo. Mwisho, onyesha herufi ndogo kumi, moja moja, bila mpangilio wa alfabeti, ukiuliza "hii inaliaje?" Herufi ndogo, si kubwa, kwa sababu ndizo zinazojaa katika maandishi yote atakayosoma. Andika alizopata. Hiyo ndiyo alama yako ya kuanzia.

Sasa kazi yenyewe. Dakika 15, siku tano au sita kwa wiki, saa ile ile kila siku ikiwezekana. Dakika 15 kila siku zinashinda saa nzima ya Jumamosi, kwa sababu kumbukumbu ya herufi hujengwa na kuikumbuka tena na tena baada ya kuanza kuisahau. Ukiona amechoka dakika ya 8, malizia hapo na jambo analoliweza.

Dakika 5 za kwanza ni za masikio tu, bila karatasi. Kama silabi zimempita, kaeni hapo wiki moja au mbili, si zaidi. Kisha hamieni kwenye sauti ya kwanza: tafuteni vitu vya nyumbani vinavyoanza na mmm, au wewe taja maneno matatu, "sahani, sufuria, meza", yeye aseme lipi halimo. Likizoeleka, unganisheni sauti, mbili kwanza ("uuu-aaa": ua), baadaye nne. Mchezo wa kubadilisha sauti uje mwisho kwa kuwa ndio mgumu kuliko yote: "Sema paka. Toa p, weka k." Kaka. "Weka t." Taka. "Weka d." Daka. "Weka w." Waka. Mtoto anayeuweza mchezo huu bila kuangalia herufi ameshavuka lile daraja linalowashinda wengi. Usimfikishe hapo kwa lazima mwezi wa kwanza.

Dakika 5 zinazofuata ni za herufi. Usifuate alfabeti, na usifundishe jina la herufi kwanza, fundisha sauti. Jina humchanganya: mtoto aliyefundishwa "be" na "a" akiambiwa aunganishe atasema "bea", na yuko sahihi kabisa kwa alichofundishwa. Mpangilio ninaoupendekeza unaanza na irabu tatu na konsonanti zinazoweza kuvutwa bila kukatika: a, m, i, s, u, l. Kwa herufi hizo sita tu anaweza kusoma ua, lia, mama, mimi, sisi, simu, sumu, lima, lala, mali, asali, hata sentensi nzima kama "mama alilala" na "mama alilima". Hilo lina uzito mkubwa. Mtoto anayesoma neno halisi akiwa na herufi sita hushika haraka herufi ni za nini, tofauti na yule anayeambiwa amalize zote kwanza ndipo aanze kusoma.

Neema tayari anajua a, n na e. Tumieni bahati hiyo: ingizeni n na e mapema, ili mpate nani, nne, sema, lea. Ila m isije siku moja na n, maana zinafanana kwa sura na kwa sauti; ya pili ingojee mpaka ya kwanza imekaa. Kisha k, t, o, halafu p, w, h, f, y, b, z, j, g, v. Ziacheni r na d mwishoni. d ikae mbali na b kwa wiki kadhaa, mpaka b imekuwa yake kabisa. r ikae mbali na l, hasa kama nyumbani kuna anayezitamka bila kuzitofautisha; kuchanganya l na r katika matamshi si ugonjwa wa kusoma, lakini hufanya herufi hizo mbili ziwe ngumu zikija pamoja. Ch, sh, ny, th, dh, gh na ng' huja baadaye, kila moja ikifundishwa kama sauti moja yenye sura ya herufi zaidi ya moja. Miambatano ya mb, nd, nj, nz, kw, mw na wenzake ndiyo ya mwisho, na hapo mtegemee kumsikia akichomeka irabu isiyokuwepo, "mutu" badala ya "mtu". Mwonyeshe midomo iliyofumba kwenye m, arudie.

Herufi moja mpya kila siku tatu au nne inatosha kwa mtoto asiyeshika upesi. Fanya hivi: onyesha, sema sauti, naye aseme huku akiifuatisha kwa kidole. Mtupie maswali mawili ya jambo jingine, kisha umrudishie herufi ile. Ichanganye na kadi nne anazozijua, umuulize tena. Baada ya saa moja, mkiwa kwenye shughuli nyingine, muulize mara moja. Kesho yake iwe ya kwanza. Akikosea usimwache abahatishe mara tatu, maana kila ubahatishaji unakaa kichwani. Mwambie jibu papo hapo, arudie, pitisha kadi mbili, muulize tena. Siku zote kadi anazozijua ziwe nyingi kuliko asizozijua. Mtoto anayepata sawa mara nane kati ya kumi hubaki mezani, anayepata mara tatu huomba maji, choo, kisha usingizi.

Dakika 5 za mwisho ni za kujenga maneno, na hapa ndipo sauti na herufi zinapokutana. Huko Uingereza, mwaka 1983, Lynette Bradley na Peter Bryant walichapisha utafiti wa watoto wa miaka 4 na 5 waliokuwa dhaifu katika kupambanua sauti. Wale waliofundishwa sauti pamoja na herufi za plastiki mikononi ndio waliosoma vizuri zaidi baadaye. Jopo la Taifa la Kusoma la Marekani lilipojumlisha tafiti nyingi mwaka 2000 liliona jambo hilo hilo, na pia kwamba mazoezi ya sauti yenye jumla ya saa 5 hadi 18 yalifanya kazi kuliko marefu zaidi. Maana yake hamtakaa kwenye michezo ya sauti milele.

Njia ninayoipenda ni ya visanduku, iliyotoka kwa mwanasaikolojia wa Kisovieti D. B. Elkonin. Chora visanduku vinne mfululizo kwenye karatasi. Mpe vifungo vinne. Sema "simu" polepole. Kwa kila sauti asukume kifungo kimoja ndani ya kisanduku huku akiitamka: s, i, m, u. Kisha apitishe kidole chini ya vyote kwa mkupuo mmoja aseme neno lote. Akiweza, badilisha vifungo kwa herufi zilizokatwa kwenye karatasi ngumu. Baadaye muondolee herufi, ashike penseli ajaze mwenyewe. Kuandika neno kwa kulisikiliza ni zoezi bora la kusoma kuliko kunakili mstari wa herufi moja mara ishirini, kazi ambayo mkono huifanya bila kichwa.

Kuna mahali pamoja ambapo wengi hukwama, nako ni kuunganisha. Mtoto anasema "s", ananyamaza, anasema "i", ananyamaza, kisha anakutazama. Tatizo ni ule ukimya. Mfundishe asiikate sauti ya kwanza mpaka ya pili iingie: "sssiii", pumzi moja. Kwa k, t, p na b haiwezekani kuvuta, kwa hiyo aanze na mdomo: aweke midomo katika umbo la irabu inayofuata kabla hajatoa konsonanti. Kwa "ku" midomo iwe imekwisha kuviringika, k ikitoka inatua yenyewe kwenye u. Na wewe jihadhari usiiongezee k irabu yako unapoitamka. "Ke-u" haitazaa "ku".

Akifika kusoma maneno ya silabi tatu na nne, atayasoma kwa vipande na mkazo utapotea: "ka. ra. ta. si." Mwambie alirudie "kama tunavyolisema". Hatua hiyo ndogo ndiyo inayolifunga neno na maana yake, na bila hiyo mtoto anaweza kusoma ukurasa mzima akiwa hana habari ya kilichosemwa.

Usimruhusu abahatishe neno kwa kuangalia picha au herufi ya kwanza tu, hata akipatia. Ni mbinu inayomfikisha salama mpaka siku vitabu vinapoacha kuwa na picha. Akikariri kitabu chote, furahini naye, kisha mwonyeshe neno moja katikati ya ukurasa.

Hayo yote ni nusu ya kazi. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer waliweka jambo hili wazi: kuelewa unachosoma ni zao la kuzidisha uwezo wa kutambua maneno na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Umesema Neema anaongea vizuri na anapenda hadithi, na hiyo ni ngao yake kubwa; isije ikaliwa na mazoezi ya herufi. Kila jioni msomeeni, mbali na zile dakika 15, pasipo kumtaka asome yeye. Kusoma kunakojenga lugha ni kule ambako mtoto naye anasema. Grover Whitehurst na wenzake walionyesha mwaka 1988 kwamba wazazi wakibadilisha namna ya kusoma kwa mwezi mmoja tu, wakauliza na kurefusha majibu badala ya kusoma moja kwa moja, lugha ya watoto wao wadogo ilipanda. Mnaangalia picha, Neema anasema "Mbwa." Wewe: "Eeh, mbwa amelowa chapachapa. Unadhani katoka wapi?" Anasema "Mtoni." Wewe: "Labda alivuka mto akimfuata bwana wake." Kisha mwache aseme yeye. Kitabu kimoja kirudiweni mara nne au tano katika wiki. Mara ya kwanza anafuata kisa, mara ya tatu anaokota maneno. Chagua maneno mawili mapya kwa kitabu, uyatumie tena mchana kwenye mambo yenu. Na mara mojamoja pitisha kidole chini ya mstari unaposoma, aone kwamba maneno yanatoka kwenye maandishi.

Tumieni lugha mnayoijua vizuri kuliko zote. Kama shuleni anaanza Kiingereza pia, usiogope lugha mbili, ila herufi zianze kwa lugha moja. Philip Seymour na wenzake walilinganisha lugha 13 za Ulaya mwaka 2003: mwishoni mwa mwaka wa kwanza watoto wa Kifini walisoma karibu maneno yote kwa usahihi, wa Kiingereza karibu theluthi tu. Kiswahili kiko upande wa Kifini. Mtoto akishaelewa kazi ya kuunganisha sauti kwa Kiswahili, hahitaji kuielewa upya kwa Kiingereza. Atajifunza tu kwamba huko a na i zina tabia nyingine.

Urahisi huo wa maandishi yetu una upande wa kuangalia. Katika lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa, mtoto mwenye disleksia mara nyingi hufikia kusoma maneno kwa usahihi, ila kwa polepole mno, na tahajia yake huwa mbovu. Kwa hiyo Neema akifika darasa la pili mkasikia "anasoma sawasawa", ulizeni na kasi.

Kwa mwalimu, nendeni kwa upole na maombi machache: akuambieni herufi gani wanafundisha wiki hiyo na kama ni kwa sauti au kwa jina, na Neema asiitwe ghafla kusoma mbele ya darasa mpaka awe ameandaliwa. Mpelekeeni ule mpangilio wa herufi. Walimu wengi hufurahi kupata mzazi mwenye orodha mkononi.

Jipeni wiki 12. Kila baada ya wiki mbili rudieni lile zoezi la dakika 10 na mwandike matokeo. Mkikuta anajua herufi 12 au zaidi na anaunganisha sauti tatu au nne, endeleeni hivyo hivyo. Mkikuta zimeongezeka tatu tu, gawanyeni kazi iwe mara mbili kwa siku, dakika 10 asubuhi na 10 jioni, mpunguze kasi ya herufi mpya, na mtafute mtaalamu wa elimu maalumu au wa lugha na matamshi. Frank Vellutino na wenzake, mwaka 1996, waliwapa watoto wa darasa la kwanza waliokuwa nyuma sana mafunzo ya mmoja kwa mmoja, dakika 30 kila siku ya shule, na baada ya muhula mmoja karibu theluthi mbili walikuwa wamefikia kiwango cha kawaida. Waliobaki walihitaji zaidi, na ni muhimu wajulikane mapema.

Mkienda kwa mtaalamu, chukueni daftari lile lenye tarehe, karatasi mbili tatu alizoandika mwenyewe na majibu ya kipimo cha masikio. Baba yake aende pia, aeleze kwa kinywa chake alivyohangaika na kusoma, maana habari hiyo inamsaidia mtaalamu kuliko vipimo vingi. Na michezo ya masikio ya zile dakika 5 za kwanza iwe yake kama anapenda: haina hata neno moja la kusoma.